Wekundu wa Sebule ya Mama Aidh

Maneno ya Mzee Mufarrih wa ng'ambo ya bonde yalimfikia Salha kwa kinywa cha mwanawe mwenyewe, Aidh, naye aliyasema huku ameinama mlangoni akivua viatu, ili asimtazame mama yake usoni. Posa imekubaliwa, Alhamdulillahi. Hadiya ameridhia na mama yake ameridhia. Ila baba yake, huyo Mzee Mufarrih, ana jambo moja. Atakuja yeye na mkewe Ijumaa baada ya swala, wakae, wanywe kahawa, waitazame nyumba. Wakiona ni nyumba inayopokea watu, binti yao ataishi hapo mlimani pamoja na mkwewe. Wakiona imelala, basi Aidh atafute vyumba vya kupanga kule mjini Abha anakoendesha lori la maji, na maarusi waanzie maisha huko.

"Amesema imelala?" Salha aliuliza.

"Ndivyo alivyosema, mama. Lakini si kwa ubaya."

Salha alimwekea mwanawe asida ya ngano na samli, akamwangalia akila, na moyoni akajua vizuri jambo hilo maana yake nini. Nyumba ya mawe ya ghorofa tatu haikaliwi na mwanamke mmoja na ng'ombe mmoja mpaka mwisho wa umri. Ndugu yake aliyeko bondeni alikwisha kumwambia zaidi ya mara moja kwamba afunge mlango, auze ng'ombe, ashuke akaishi kwake. Aidh akihamia mjini na mkewe, ndugu yake hatamwambia tena kwa upole. Na Salha aliingia nyumba hii akiwa bibi arusi, akazaa humo, akafiwa humo, na hakutaka kutoka humo isipokuwa kwa jeneza.

Baada ya chakula akapanda ngazi hadi sebuleni, akasukuma madirisha, akautazama ukuta kama mgeni anavyoutazama.

Katika milima ile ya Asir, kusini mwa Arabuni, sebule ni ya wanaume kukaa, lakini ukuta wake ni wa mwanamke. Yeye ndiye anayeupaka, tangu sakafuni hadi juu ya mlango, mistari na pembetatu na vidirisha na machanuo, na kila mwaka mavuno yakishaingia huufufua upya. Mgeni akiingia kwako huusoma ukuta kabla hujamkaribisha. Ukuta wa Salha ulikuwa umesomeka kwa muda mrefu, na habari yake ilikuwa moja tu. Tangu Mushabbab, mumewe, alipofariki, hakuna brashi iliyougusa. Nyekundu imekuwa vumbi. Bluu imekuwa moshi. Upande wa dirisha maji ya mvua yamechora mistari yake yenyewe, na pembeni chokaa imebanduka kama ngozi ya mtu aliyeungua jua.

Mufarrih hakukosea. Nyumba ilikuwa imelala.

Kesho yake asubuhi Salha akaenda kwa Azza.

Azza alikuwa mwanamke mfupi, mnene wa mikono, mwenye sauti ya chini, na bonde zima hapakuwa na mkono kama wake. Wengine waliweza kupaka. Azza aliweza kuchora. Kuna waliosema kwamba akiingia chumbani huona mistari imekwisha kuwepo ukutani, kazi yake ni kuifuata tu. Mwenyewe akisikia hivyo hukasirika, husema mistari haikuwepo, ameileta yeye, na mgongo unamuuma kwa ajili hiyo. Alimsikiliza Salha mpaka mwisho, akamuuliza swali moja tu, anataka rangi gani zitangulie. Mwaka ule wengi walitaka bluu na kijani, kwa sababu nili ya dukani ilikuwa imeletwa sokoni na kila mtu ameitamani.

"Njoo nikuonyeshe," Salha alisema.

Akampandisha hadi juu ya paa la nyumba yake. Ilikuwa majira yale ya vuli ambapo ukungu hupanda asubuhi kutoka bondeni na kuondoka kabla ya adhuhuri, na siku ile ulikuwa ndio kwanza unaondoka. Matuta ya mashamba yalishuka mlimani ngazi kwa ngazi. Mtama ulikuwa umekatwa, mabua yamebaki ya rangi ya dhahabu, na masuke yamelundikwa kwenye viwanja vya kupuria, mekundu kama kutu ya jembe. Majani ya mizabibu yalikuwa yamegeuka shaba. Kwenye kuta za mawe makomamanga yalikuwa yamepasuka yenyewe, mekundu ndani na nje, ndege wanayala. Kila paa la jirani lilikuwa limetandazwa mahindi, na mahindi yale yalikuwa ya manjano na ya chungwa na mengine karibu ya damu ya mzee.

"Hiki," Salha alisema. "Nataka hiki kiingie ndani."

Azza alitazama muda mrefu, amekunja mikono. Kisha akasema, "Nyekundu nyingi namna hii inataka moyo."

"Moyo ninao. Mkono ndio sina."

"Mkono nitakupa mimi," alisema Azza, na akaanza kushuka ngazi huku akihesabu kwa sauti vitu vitakavyohitajika: udongo mwekundu wa korongo la juu, jiwe la manjano la kusaga, maganda ya komamanga ya kuchemsha, gundi ya mgunga, mkaa laini. Kijani kidogo tu, alisema, uzi mmoja chini karibu na sakafu, kama maji yanavyopita chini ya shamba. Bluu wataiacha sokoni.

Kazi kama ile haifanywi na mtu mmoja. Jirani walikuja, kila mmoja na bakuli lake na brashi yake ya manyoya ya mbuzi. Alikuja Ghaliya wa nyumba ya chini, ambaye mdomo wake haukujua kufungwa hata akiwa amebeba maji kichwani. Alikuja Zafra, dada wa marehemu Mushabbab, wifi yake Salha, mwanamke mwembamba mwenye maneno machache ambaye tangu ndugu yake azikwe hakuwahi kupita karibu na kaburi bila kusimama. Walikuja wengine wawili watatu na binti zao. Walikwangua rangi ya zamani, wakaziba mashimo, wakapiga chokaa nyeupe chumba kizima, wakawasha kuni za mreteni katikati ili ukuta ukauke, kwa sababu ukungu wa vuli hauna huruma na chokaa mbichi. Ilipofika Jumatano ukuta ulikuwa mweupe, mkavu kiasi, unasubiri.

Siku hiyo Salha alimwona Azza akifanya kazi, na ingawa alikuwa amemwona mara nyingi katika nyumba za watu, hakuwahi kumwona kwake.

Azza hakupima kwa kamba wala kwa ubao. Alisimama kona ya mlango, akatembeza macho ukutani kote, akachovya brashi ndani ya mweusi wa mkaa, akasema Bismillahi, na akavuta. Alitembea upande upande kama kaa, mkono umenyooka, pumzi ameizuia, na mstari ukamfuata chumba kizima mpaka ukarudi mlangoni na kukutana na mkia wake. Haukupinda. Haukunenepa wala haukukonda. Binti za jirani waliacha kusaga rangi wakabaki vinywa wazi. Ghaliya alisema, "Huyu mwanamke akitaka kuvunja undugu na mimi, sitakubali," na watu wakacheka, lakini Azza hakucheka, alikuwa amekwisha kuanza mstari wa pili. Chini ya huo akaweka machanuo, juu akaweka pembetatu zinazotazamana, kati yake mihirabu midogo midogo, na juu kabisa ile safu wanayoiita mabinti, wanawali waliosimama mikono imeshikana kuzunguka chumba.

Kisha akaweka nukta. Hiyo ndiyo desturi yao: mchoraji akimaliza mistari, hutia nukta ndogo ya rangi ndani ya kila kidirisha, na wenzake hujaza kwa kufuata nukta. Nukta nyekundu, jaza nyekundu. Nukta ya manjano, jaza manjano. Azza aliweka nukta nyekundu mahali wengine wasingethubutu, mbili zikigusana, tatu zikigusana, na kati yake manjano ya jiwe na kahawia ya maganda ya komamanga, mpaka Salha alipotazama tu zile nukta aliona masuke ya mtama yamelundikwa.

Mwenye nyumba kwao hapaki siku ya kupakiwa. Akichovya brashi mbele ya jirani zake ni kama kuwaambia kazi yao hajaiamini. Basi Salha alikaa karibu na moto, akamimina kahawa, akapeleka tende, akajibu kwa sauti ndogo kila aliyemuuliza jambo. Alikuwa amevaa nguo zake za siku zote, nyeusi zilizofifia. Hakuinua kichwa sana. Ndivyo alivyozoea kukaa mbele za watu tangu msiba, na hakuna aliyemwambia kwamba anakaa hivyo.

Mchana kutwa wanawake walijaza. Azza alikuwa juu ya ngazi ya mti akiwavalisha wale mabinti wake wa safu ya juu, mgongo kwa wenzake. Rangi mbichi kwenye ukuta wenye unyevu huonekana nzito na ya kiza, na mwanga wa ukungu haukusaidia. Ilipokaribia magharibi walisimama wakautazama, wakasema Mashaallah, wakaenda kuswali.

Alhamisi asubuhi Salha alipopanda alimkuta Azza amefika kabla yake. Alikuwa amesimama katikati ya chumba, mikono kiunoni. Madirisha yalikuwa wazi, jua limeingia, na ukuta ulikuwa umekauka.

Hakukuwa na wekundu. Mistari ilikuwa ile ile, mizuri ajabu, lakini ndani yake kulikuwa na rangi ya fizi za mtoto mchanga. Manjano ilikuwa imesimama vizuri na kahawia imesimama vizuri, lakini zilipokosa nyekundu ya kushindana nayo zilionekana kama wageni waliofika harusini wakaambiwa bibi arusi ni mgonjwa. Chumba kilikuwa safi. Kilikuwa na adabu. Kilikuwa chumba cha mtu aliyetoka kuugua.

Na wageni ni kesho.

Jirani waliingia mmoja mmoja wakicheka, na kila aliyeingia kicheko kilimkatika mlangoni.

"Udongo huu nimeuchanganya mimi," Azza alisema kwa sauti yake ya chini. "Naujua. Haukauki hivi. Nani ametia chokaa?"

Ghaliya, ambaye kunyamaza kulikuwa kunamuumiza, akasema, "Mimi. Kijiko. Kijiko kimoja, Wallahi. Nilijisemea, mwanamke mjane, wageni wake wa kwanza, wakikuta nyekundu inapiga kelele hivi itasemwa nini huko ng'ambo ya bonde? Nikaipunguza kidogo. Bakuli langu tu."

"Na mimi," alisema wa pili, taratibu.

"Mimi nilitia viwili," alisema wa tatu.

Ikawa hivyo chumba kizima. Ndoo ya chokaa ilikuwa imebaki mlangoni tangu siku ya kupiga lipu, na kila mmoja alipopita alichota kidogo kwa ajili ya heshima ya Salha, akijua ni yeye peke yake. Ghaliya aliwatazama wenzake mmoja mmoja, mashavu yakaanza kumtetemeka, akashindwa. "Kumbe sote tulikuwa tunampikia uji wa mgonjwa," alisema, akaangua kicheko, na wengine wakamfuata kwa aibu, shungi kinywani.

Zafra hakucheka. Alikuwa amesimama karibu na dirisha la mashariki, mahali ambapo ukuta ulikuwa mweupe kuliko kote.

"Mimi sikutia kijiko," alisema. "Nilimimina. Hapa ndipo alipokuwa akikaa ndugu yangu."

Kicheko kikaisha.

Salha hakuweza kuwakasirikia, na hilo ndilo lililokuwa zito. Mtu akikuharibia kwa husuda unajua pa kumshika. Hawa wamemharibia kwa mapenzi. Alimgeukia Azza kama mtu anayeomba hukumu, na Azza akampa bila kuizungushia maneno.

"Nukta niliziweka sawasawa," alisema. "Hawakuziangalia. Walikuwa wanakuangalia wewe, Mama Aidh. Ulivyokaa pale motoni, mimi mwenyewe ningekuwa chini ningetia chokaa."

Neno lile lilimwingia Salha. Alijitazama, mikono yake, ile nguo, ile sauti ndogo. Mwenyezi Mungu alimwekea mjane eda, akaiwekea na mwisho. Yeye aliikaa yote, kwa sala na kwa machozi, na ilipokwisha aliendelea kuikaa bila kuamriwa na yeyote, mpaka watu wote wakaizoea kuliko yeye. Mufarrih ameiona kutoka ng'ambo ya bonde. Kesho ataiona tena, ikiwa imepakwa ukutani kwa ustadi.

Akainama, akachukua bakuli la udongo mwekundu ambao haujaguswa, akaongeza gundi, akakoroga. Wanawake walitazamana, kwa sababu mwenye nyumba hapaki. Salha akaenda moja kwa moja dirisha la mashariki, akasimama mbele ya wifi yake.

"Nipishe, Zafra."

"Usipake hapa. Paka kwingine kote."

"Wifi yangu," Salha alisema, na safari hii sauti yake haikuwa ndogo, "eda niliikaa miezi minne na siku kumi, sikuipunguza hata usiku mmoja. Wewe unataka niikae mpaka lini?"

Macho ya Zafra yakajaa machozi.

"Ndugu yako alikuwa akisimama kule njiani kuwakamata wapita njia waje kula. Alikuwa akiwashika kanzu. Ni mara ngapi umepanda hapa ukakuta mtu usiyemjua amekaa anakula asida?"

"Yule mwuza kondoo wa kutoka Bisha," Zafra alisema, karibu hasikiki, "alikaa mpaka tukamzoea."

"Na alikuwa akikoroma."

"Nyumba nzima ilikuwa haipati usingizi." Zafra akajifuta pua kwa upande wa mkono, na katikati ya kilio akacheka, kicheko kidogo kibaya kilichomtoka bila ruhusa. "Na Mushabbab akimsifu. Akisema mgeni asiyekoroma hajashiba."

"Basi huyo ndiye tunayempakia rangi ya fizi?"

Zafra aliutazama ukuta. Akanyoosha mkono. "Lete," alisema. "Lakini hapa pake nitapaka mimi. Wewe anzia kule."

Salha akampa lile bakuli, akachukua jingine. Akaanzia mlangoni. Pembetatu ya kwanza aliijaza nyekundu tupu mpaka kwenye ukingo wa mstari mweusi, na ilipokaa pale juu ya ule weupe-wekundu wa jana, wote chumbani walivuta pumzi, kwa sababu haikuwa nyekundu ile waliyoitegemea. Rangi ya jana chini yake iliishika na kuirudisha nje. Ilikuwa na kina. Ilikuwa kama punje ya komamanga unapoishika mbele ya jua, ambayo nje ni nyekundu na ndani kuna mwanga.

Azza alisogea karibu, akatazama kwa jicho moja kisha kwa jingine. "Haya," alisema. "Nimepaka miaka yote hii sijawahi kutandika chini yake rangi ya fizi." Kisha akawageukia wenzake, "Mnangoja nini? Na ile ndoo itoeni nje kabla sijamvisha mtu kichwani."

Walipaka mpaka alasiri, Salha katikati yao, mikono myekundu hadi kwenye viwiko, akisema kwa sauti, akibishana na Ghaliya kuhusu pembe, akimtuma huyu kuni na yule maji. Hakuna aliyekaa motoni. Kahawa walijimiminia wenyewe, na ilikuwa mbaya.

Ijumaa asubuhi ukuta ulikuwa mkavu na moto wa mreteni umeacha harufu yake. Salha akatandika. Alitoa mazulia ya sufu yaliyofungwa tangu msiba, ya mistari myekundu na ya chungwa na myeusi, akayakung'uta juani, akayapanga ukutani kote pamoja na mito. Kwenye vile vishimo vya ukutani, mahali pa taa, akaweka makomamanga mawili mawili, moja zima na moja lililopasuka. Akasuka mahindi kwa maganda yake na kuyaning'iniza kwenye boriti, na katika mtungi wa kona akasimamisha masuke ya mtama, shada zima, vichwa vikiwa vimeinama kwa uzito. Alipomaliza akarudi mlangoni.

Mwanga wa dirisha la mashariki ulikuwa umeingia. Uligusa ukuta na ukuta ukaurudisha juu ya mazulia, mazulia yakaurudisha darini, mpaka hewa yenyewe ya chumba ilikuwa na rangi ya asali iliyokolea. Mistari ya Azza ilikimbia kuzunguka bila kuchoka, na ndani yake wekundu ule wenye kina ukafuatwa na manjano, manjano ikafuatwa na kahawia, kama mashamba yanavyofuatana kushuka mlimani, na chini kabisa, karibu na sakafu, ule uzi mmoja wa kijani. Wale mabinti wa juu walisimama mikono imeshikana, wakitazama chini kama watu walio paani wakitazama mavuno. Salha alisema Subhanallah, si kwa kujisifu, bali kwa sababu ulimi haukupata neno jingine.

Mama yake Hadiya, aitwaye Nawra, alifika mbele ya mumewe, ambaye alikuwa amezuiwa na watu msikitini. Alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, na yeye pia alikuwa na jina la kupaka huko kwao. Alisalimia, akamkumbatia Salha, akaingia sebuleni, akasimama.

Hakukaa. Alizunguka ukuta mzima polepole, mikono nyuma, pua karibu iguse rangi. Salha alimfuata kwa macho tu. Azza, aliyekuwa amekaa pembeni na wenzake, alijifanya anachagua tende. Mahali pa dirisha la mashariki Nawra alisimama muda mrefu zaidi.

"Nani alikuwa hapa?" aliuliza.

"Mimi," alisema Zafra.

"Umetia mara mbili."

"Mara ya kwanza nilikosea."

Nawra akamtazama, akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyeelewa zaidi ya aliloambiwa. Akaendelea na safari yake mpaka akarudi mlangoni alipoanzia. Wakati huo Mufarrih alikuwa akipanda ngazi na Aidh nyuma yake. Aliingia akikohoa ili wanawake wajue, akavuta shali begani, akakaa kwenye zulia bora kama mtu aliyezaliwa juu yake. Alitazama ukuta mara moja, akasema Mashaallah kama wanaume wanavyosema. Kisha akamtazama mkewe, kwa sababu kuta hakuzijua, lakini uso huo alikuwa ameusoma kwa muda mrefu.

Nawra hakumtazama yeye. Alimtazama Salha.

"Mama Aidh," alisema, "na mwanangu mmembakishia wapi?"

Salha alitazama ukuta kwa hofu mpya. Walikuwa wamejaza kila mahali, toka sakafuni hadi juu ya mlango. Hapakuwa na nafasi ya kidole. Akatafuta jibu, na jibu likamjia kutoka mlangoni, kutoka kule Aidh alikosimama akiwa hana pa kuweka mikono yake.

"Ngazi," Salha alisema. "Kuta zote za ngazi, tangu mlango wa chini mpaka paani. Hazijaguswa. Ni zake."

Nawra akatoka mbele ya watu wote, akashuka vipande viwili vya ngazi. Walimsikia akipigapiga ukuta kwa kiganja, mahali hapa, mahali pale, kama mtu anayechagua tikiti. Mufarrih alisubiri na kikombe mkononi.

Akarudi akijifuta vumbi la chokaa.

"Upande wa kushoto una maji," alisema. "Yanaingia kwa juu. Mwambie kijana wako azibe kabla ya mvua, Hadiya hawezi kupaka ukuta uliolowa."

Mufarrih akanywa kahawa yake yote kwa mara moja, akanyoosha kikombe kutaka kingine. Salha alisema lile tundu litazibwa leo hii kabla ya magharibi, na Aidh akatoka mbio kutafuta ngazi ya mti bila hata kuaga.